Mzigo wa Msafiri: Kutoka Butembo hadi Ng'ambo

Mji wa Butembo umejengwa juu ya vilima, karibu sana na mstari wa ikweta, kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Hauna bandari, hauna reli, wala hauna mto wa kupitisha meli. Hata hivyo mgeni akiingia katika maduka yake hustaajabu: vitenge, mabati, pikipiki, simu, vyombo vya nyumbani na vipuri vya magari vimetoka China, India na nchi za Waarabu. Vimefikaje huku milimani? Jibu ni fupi: watu wa Butembo ni wasafiri.

Tena si wasafiri wa jana. Wazee wa Wayira, ambao wengi huwaita Wanande, walishuka bondeni, wakavuka mto Semliki, wakaenda hadi Katwe, ng'ambo ya mpaka wa leo, kutafuta chumvi. Wajukuu wao wapanda ndege kwenda Dubai na Guangzhou. Mzigo umebadilika, na hodi za njiani zimeongezeka. Katika kila mlango msafiri huulizwa: umebeba nini?

Leo twataka kufuatana na msafiri huyo, tuone kila mlango unamtaka nini. Maana wengi wamenyang'anywa vitu vyao kwa sababu ya kutojua tu, na wengine wamepoteza mali na heshima kwa sababu ya ujanja. Wasomaji wetu wenye watoto wanaosoma Ulaya, au wenye ndugu wafanyao biashara, watajionea wenyewe faida ya habari hizi.

NJIA YA KASINDI

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54 hivi, na njia yateremka kuelekea nchi ya joto. Karibu na Beni, huko Mavivi, kuna kiwanja cha ndege, lakini ndege zake ni za safari za ndani ya nchi. Zamani wengine walishuka Goma. Lakini mji ule ulipotekwa na M23 mwezi wa Januari 2025, kiwanja chake nacho kilifungwa. Basi atakaye kwenda ng'ambo hugeuka mashariki, kilomita 80 nyingine, mpaka Kasindi, apate kuingia Uganda na kufika kiwanja cha Entebbe.

Njia hiyo ni nzuri kwa macho na nzito kwa moyo. Yakata mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na kuvuka daraja la Semliki. Upande wa kaskazini wasimama milima ya Ruwenzori, ambayo kilele chake, Margherita, chafika mita 5,109. Siku ya anga safi theluji yake huonekana ikimeremeta. Lakini katika nchi hiyo hiyo waasi wa ADF wameua watu wengi na kuchoma magari, hata wasafiri wakazoea kwenda kwa msafara wakilindwa na askari. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa moja la Kasindi, watu wakiwa katika sala, likaua wengi. Twayataja haya ili asiyejua afahamu ya kuwa mfanyabiashara wa huku amekwisha kulipa kwa hofu kabla hajalipa kwa fedha. Tarehe 16 Juni 2021 marais wa Kongo na Uganda walikutana mpakani na kuzindua kazi ya kutengeneza barabara hiyo, na watu wengi wameitumainia.

Mpaka wenyewe ni mto mdogo, Lubiriha. Upande huu ni Kasindi, upande ule ni Mpondwe. Siku ya soko, Jumanne na Ijumaa, watu huvuka kwa maelfu, wakiwa na vikapu vichwani na baiskeli zilizosheheni. Wakonzo wa ng'ambo na Wayira wa huku ni ndugu. Lugha zao wasikilizana. Ni mapatano ya Wazungu ya mwaka 1910 yaliyoweka mstari kati yao.

Ndiyo sababu watu wengi wa mipakani hawaoni vibaya kupitisha vitu kwa njia za porini. Husema: je, kumpelekea shangazi yangu ndizi ni dhambi? La hasha. Lakini tusichanganye mambo mawili. Kikapu cha ndizi cha shangazi ni jambo moja. Lori la sigara, pombe, mafuta au dhahabu linalopita usiku ni jambo jingine kabisa. Na mara nyingi wenye lori hujificha nyuma ya wenye vikapu.

NANI ANA HAKI YA KUULIZA?

Hapa yafaa kila msafiri ajue haki yake. Kwa amri ya tarehe 28 Machi 2002, serikali ya Kongo ilitaja idara nne tu zenye ruhusa ya kufanya kazi mpakani. Ya kwanza ni forodha, ambayo watu wetu huiita kwa Kifaransa duwani. Tangu mwaka 1979 iliitwa OFIDA, na kwa amri ya mwaka 2009 ikawa DGDA. Ya pili ni OCC, yenye kazi ya kupima wingi na ubora wa bidhaa. Ya tatu ni idara ya uhamiaji, DGM, inayoangalia pasipoti. Ya nne ni idara ya afya na usafi.

Asiye katika hizo nne hana haki ya kusimamisha mzigo na kudai fedha, hata akiwa na kofia na mhuri. Na hata aliye katika hizo nne, akipokea fedha, yampasa kutoa risiti. Msafiri asione haya kuiomba, na aiombe kwa adabu. Fedha iliyolipwa kwa risiti huingia katika hazina ya nchi. Fedha iliyotolewa mkono kwa mkono huishia mfukoni. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lahusu taifa zima, si duka peke yake.

Wengine hunung'unika juu ya watu wa afya: mbona twanawishwa mikono, twapimwa joto, twaombwa kadi ya chanjo? Tukumbuke yaliyotupata. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa huku Beni, na haukutangazwa kwisha katika nchi yetu ya mashariki mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 walikufa. Mwezi wa Juni 2019 wagonjwa wa jamaa moja walivuka kuingia Kasese, Uganda. Ugonjwa ulitambuliwa upesi, nao haukuenea sana huko. Basi beseni la maji na kipima joto mpakani ni ulinzi wa watoto wetu. Tena kadi ya chanjo ya homa ya manjano hutakiwa Uganda na Kongo pia. Tangu mwezi wa Julai 2016 chanjo moja yatosha kwa maisha yote, wala hakuna haja ya kuirudia kila miaka kumi.

DUKA LISILO NA USHURU

Sasa tumefika Entebbe, ukingoni mwa ziwa Victoria. Mzigo umepimwa, pasipoti imegongwa mhuri. Mara msafiri ajikuta mbele ya maduka yanayong'aa, yenye manukato, pombe kali, sigara na peremende. Aambiwa ya kwamba hapa hakuna ushuru. Moyo wamwenda mbio: vitu vya bure! Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Yafaa tujue maana ya maduka hayo. La kwanza la kiwanja cha ndege lilifunguliwa mwaka 1947 huko Shannon, nchini Ireland. Siku zile ndege zivukazo bahari ya Atlantiki zilitua hapo kutia mafuta, na abiria walikaa wakingoja. Bwana mmoja, Brendan O'Regan, aliyesimamia chakula cha wasafiri, aliwaza hivi: mtu aliyekwisha kupita ukaguzi ni kama amekwisha kutoka nchini, kwa nini basi alipishwe ushuru wa Ireland kwa kitu atakachokitumia nchi nyingine? Serikali ikakubali, na dunia nzima ikaiga. Kiwanja cha Dubai, ambacho Wakongomani wengi hupitia, kilifungua maduka yake tarehe 20 Desemba 1983, kwa msaada wa watu waliotoka huko huko Ireland.

Basi shikeni neno hili, maana ndilo kiini cha habari yetu: duka lile limekusamehe ushuru wa nchi unayoitoka. Halikukusamehe ushuru wa nchi unayoiendea. Halina uwezo huo. Chupa iliyonunuliwa Entebbe bila ushuru wa Uganda yaweza kutozwa ushuru Brussels, na manukato ya Dubai yaweza kuulizwa Kasindi. Jina la duka si kibali cha kupita mlango wa pili.

Kuna na jambo la chupa zenyewe. Tangu mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vitu vya majimaji, viwanja vingi vyataka kila chupa au tyubu iliyo katika mkoba wa mkononi isizidi mililita 100. Kiwanja kimoja kimoja kimeanza kulegeza kwa sababu ya mashine mpya, lakini msafiri asitegemee hayo. Kilichonunuliwa dukani kiwanjani hutiwa katika mfuko maalumu uliofungwa pamoja na risiti ndani. Mfuko huo usifunguliwe mpaka mwisho wa safari. Atakayeufungua njiani ili amwonyeshe jirani yake, akibadili ndege aweza kunyang'anywa chupa yake.

MILANGO YA DUBAI NA YA ULAYA

Aendaye Dubai kununua bidhaa na ajue mambo matatu. Kwanza, fedha taslimu, dhahabu na mawe ya thamani vinavyopita dirham 60,000 sharti vitangazwe. Na kabla hajafika huko, sheria ya Kongo yenyewe haimruhusu mtu kutoka nchini na fedha taslimu zaidi ya dola 10,000. Kilicho kingi kipite benki. Pili, dawa kadha wa kadha za kutuliza maumivu, kama tramadoli na kodeini, huko huhesabiwa kama dawa za kulevya. Asizichukue bila kibali na barua ya daktari. Tatu, tangu mwaka 2018 nchi hiyo hutoza kodi ya asilimia 5 juu ya bidhaa, lakini mtalii aweza kurudishiwa sehemu kubwa ya kodi hiyo, ukitoa ada ndogo. Sharti awe amenunua kwa dirham 250 au zaidi katika duka lililojiandikisha, aonyeshe pasipoti yake tangu siku ya kununua, naye atoke na bidhaa hizo kabla ya siku 90. Wengi huiacha fedha hiyo kwa kutojua.

Aendaye Ubelgiji au Ufaransa kumwona mwanawe ana shida nyingine: chakula. Mama gani atakwenda mikono mitupu? Lakini sheria ya Umoja wa Ulaya yakataza nyama na maziwa vya wasafiri watokao kwetu, hata nyama ikiwa imekaushwa. Samaki mkavu akubaliwa, hadi kilo 20. Majani ya sombe, mboga na matunda, tangu mwezi wa Desemba 2019, hutakiwa cheti cha afya ya mimea; yaliyosamehewa ni matunda matano tu: nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Basi, mama, mpelekee mwanao nanasi na samaki. Nyama ya mbuzi ataila akija likizo. Zawadi za thamani ya hadi euro 430 kwa msafiri wa ndege hupita bila ushuru. Na aliye na euro 10,000 au zaidi mkononi lazima azitangaze. Kuzitangaza si kulipishwa. Kosa ni kuzificha.

Tena kuna vitu ambavyo hapana mlango utakaovikubali bila vibali vya serikali: pembe za ndovu, ngozi za chui, kasuku wa kijivu wa misitu yetu. Mkataba wa dunia uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973 wavilinda, na kasuku wetu alipewa ulinzi mkubwa zaidi katika mkutano wa Johannesburg mwaka 2016. Dhahabu nayo sharti itoke Kongo ikiwa na cheti cha CEEC, idara iliyoundwa mwaka 2003 kwa kazi hiyo. Ajenti akikuomba umbebee kifurushi kidogo tu hadi Dubai, usikubali. Mzigo ulio mkononi mwako ni wako mbele ya sheria, hata kama hujui kilichomo.

Na apitaye Nairobi asisahau: tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea. Tanzania ilifanya hivyo tarehe 1 Juni 2019.

KURUDI NYUMBANI

Mzigo mkubwa wa mfanyabiashara hauji kwa ndege. Waja kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa lori kupitia Malaba na Kampala, zaidi ya kilomita 1,500, mpaka Kasindi. Mwenyewe hurudi mbele na masanduku yake. Nguo zake na vitu vya matumizi yake havina neno. Lakini simu ishirini katika sanduku moja si zawadi tena, ni bidhaa.

Bidhaa hulipiwa namna gani? Tuhesabu pamoja. Ushuru wa Kongo wa vitu viingiavyo huwa, kwa kawaida, asilimia 5, 10 au 20 ya thamani, pamoja na gharama za njiani. Juu yake kuna TVA ya asilimia 16, iliyoanza tarehe 1 Januari 2012. Kwa bidhaa za dola 1,000 zenye ushuru wa asilimia 20, ushuru ni dola 200. TVA huhesabiwa juu ya 1,200, nayo ni dola 192. Jumla ni dola 392, pasipo kuhesabu ada nyingine. Ni fedha nyingi, twakiri. Ndiyo maana wengine huandikisha ankara ya uongo, ya dola 400 mahali pa 1,000.

Nao wana maneno yao. Husema: barabara ni mbovu, usalama hakuna, serikali imetufanyia nini? Wakati wa vita vya mwaka 1998 hadi 2003, wafanyabiashara wa Butembo wenyewe walichanga fedha kutengeneza barabara za mji wao. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Lakini tazama mwisho wake. Anayeandika uongo huuza kwa bei ndogo kuliko jirani yake mwaminifu, na jirani hufilisika au hujifunza uongo. Afisa aliyezoea hongo ya tajiri huidai hata kwa mama mwenye kikapu. Na mlango uliofunguka kwa hongo haubagui: wapitisha vitenge leo, na kesho dawa zilizoharibika na chakula kilichooza.

Jambo hilo si hadithi. Katika jimbo letu hili la Kivu ya Kaskazini, mjini Goma, alizaliwa mwaka 1981 kijana Floribert Bwana Chui. Alisomea sheria, akawa mmoja wa jumuiya ya Sant'Egidio, akawasaidia watoto wa mitaani. Mwaka 2007 alikuwa mtumishi wa OCC, mwenye kazi ya kuangalia bidhaa zilizoharibika. Chakula kibovu kikaletwa kutoka ng'ambo ya mpaka, na wenyewe wakampa fedha ili akipitishe. Akakataa, kwa kuwa wangalikila watu wa mji wake. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa nyara, akateswa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 2 Februari 2023, mjini Kinshasa, Papa Fransisko aliwaeleza vijana habari zake. Na tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, alitangazwa Mwenye Heri.

Wakristo tangu zamani walimjua Mathayo, aliyeitwa na Bwana akiwa ameketi forodhani. Sasa twamjua na mwingine, wa nchi yetu na wa siku zetu, aliyekaa mahali pale pale.

Ndugu msafiri, fanya hivi. Kabla ya safari, uliza sheria ya kila nchi utakayopita, kwa maana viwango hubadilika. Panga mzigo wako mwenyewe, wala usiongezewe kifurushi cha mtu. Tunza risiti zote mahali pamoja. Ukifika forodhani, taja ulicho nacho kabla hujapekuliwa. Lipa kinachopasa, omba hati yako, ukaendelee na safari. Na wewe, ndugu uliyeketi nyuma ya meza ya forodha huko Kasindi, mwulize msafiri unavyopaswa, mwandikie risiti, na usimwekee mama mwenye kikapu mzigo ambao umemsamehe tajiri.